Kabla Panga Hazijawa Majembe

Doha kuna sehemu mbili ambazo msomaji wa nabii Isaya hawezi kuzipita hivi hivi. Ya kwanza iko Mesaimeer, pembezoni mwa mji, ambako makanisa yanayotambuliwa na serikali ya Qatar yamewekwa pamoja ndani ya uzio mmoja. Ya pili haina anwani moja. Ni vyumba vya mikutano, hotelini na katika ofisi za serikali, ambamo watu waliokuwa wakipigana hadi jana wanakalishwa meza moja. Walebanoni walipatanishwa Doha Mei 2008. Mkataba wa Darfur ulikamilishwa huko 2011. Wamarekani na Taliban walitia saini tarehe 29 Februari 2020. Na tangu 2025 meza hiyo ni yetu pia, maana wanaoketi hapo ni serikali ya Kongo na waasi wa M23, na wanaosubiri majibu ni watu wa Goma, Bukavu na Uvira, wanaosali na kulia kwa Kiswahili.

Mataifa yanaabudu ubavu kwa ubavu, mataifa yanapatanishwa. Haishangazi kwamba Mkristo wa Afrika Mashariki anayefanya kazi Qatar, akifungua Biblia kitandani Ijumaa usiku, hujiuliza kama anachokiona ndicho kilichotabiriwa.

Isaya 2 na Mika 4 zinasimulia jambo hilo karibu kwa maneno yale yale. Siku za mwisho mlima wa nyumba ya Bwana unainuliwa juu ya vilima vyote, na watu wa mataifa wanamiminika kwenda huko, wakihimizana njiani. Wanakwenda kufundishwa. Kisha Mungu mwenyewe anaketi kuamua kesi zao, hata za mataifa makubwa yaliyozoea kutosikiliza mtu. Hapo ndipo silaha zinapopelekwa kwa mhunzi na kurudi zikiwa zana za shamba, na vita vinaacha kuwa somo la vijana. Wahubiri wetu wengi huishika picha ya kwanza, mataifa yakimiminika, halafu huruka moja kwa moja hadi ya mwisho, majembe. Katikati panaachwa, na katikati ndipo penye uzito wote: katika unabii huu hakuna anayeweka panga chini kabla kesi yake haijasikilizwa na kuamuliwa kwa haki. Nadhani tukiurudishia unabii mpangilio wake, tutaacha kuuliza kama Doha imeutimiza, tutaanza kuuliza ni kipi hasa kinakosekana pale na kinakosekana kwa nani.

Manabii hao wawili hawakuwa wakiota wakiwa mahali salama. Karne ya 8 kabla ya Kristo, dola la Ashuru lilikuwa likimeza nchi moja baada ya nyingine. Samaria ilianguka mnamo 722, na mwaka 701 majeshi ya mfalme wake, Senakeribu, yaliiteka miji ya Yuda, Lakishi ukiwamo. Kutekwa kwa Lakishi kulichongwa kwenye kuta za ikulu ya Ninawi, na mawe hayo leo yako British Museum, London: wanaume wakitolewa mjini, wanawake na watoto juu ya mikokoteni, na mizigo yao. Mtu wa Masisi au Rutshuru, mashariki ya Kongo, akiyaona hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo mataifa yalikuwa yakikusanyika hata wakati ule, ila yalikusanyika kwa mfalme wa Ashuru, yameinama, yamebeba kodi. Isaya anauchukua msafara huo na kuugeuza. Katika sura hiyo ya pili watu wanakuja kwa hiari yao, wakitafuta mafundisho na mwamuzi, na kodi haitajwi.

Mika alikuwa mtu wa Moreshethi, mji mdogo wa upande wa Lakishi, kwenye njia ya majeshi. Maneno yake ni makali zaidi, na ni lazima yasomwe pamoja na yaliyotangulia. Katika sura ya tatu anawashitaki viongozi wanaoijenga Sayuni kwa damu za watu na waamuzi wanaouza hukumu kwa rushwa, kisha anasema Sayuni italimwa kama shamba, na mlima huo huo wa hekalu utageuka msitu. Mstari unaofuata ndio unaoanza kuzungumza juu ya mlima ulioinuliwa. Yaani mahali ambapo mataifa yatakuja kuamuliwa ni mahali ambapo pamehukumiwa kwanza. Halafu Mika anaongeza jambo ambalo Isaya hana: kila mtu ataketi chini ya mzabibu wake na mtini wake, wala hapatakuwa na wa kumtia hofu. Hicho ndicho kipimo chake cha amani. Haangalii nani ametia saini. Anaangalia mtu wa kawaida, mti alioupanda mwenyewe, na kama analala bila kushtuka.

Ubishi kuhusu kutimia kwa maneno haya ni wa zamani sana. Karne ya 2 Yustino Mfiadini aliandika kwamba yametimia kwa Wakristo, watu waliotoka kila taifa na kuacha kuuana. Mwaka 1263, mjini Barcelona, mbele ya mfalme wa Aragoni, Rabi Musa ben Nahmani alilazimishwa kujadiliana na Wakristo kama Masihi amekwisha kuja. Alijibu kwa Isaya huyu huyu: tangu siku za Yesu hadi leo dunia imejaa jeuri na uporaji, na wanaoongoza kumwaga damu ni Wakristo. Sijawahi kukutana na jibu la maneno matupu linaloiondoa hoja hiyo.

Leo makanisa yamegawanyika. Wanaoisoma Ufunuo 20 kwa uhalisi wanauweka unabii huu wote katika miaka elfu moja itakayofuata kurudi kwa Kristo, na mpaka hapo hawaitegemei dunia. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri kwa jumla wanasema ulianza Pentekoste na utakamilika mwisho. Mashahidi wa Yehova wanasema umetimia kwao, nao wamelipa gharama ya kusema hivyo: nchini Eritrea walinyang'anywa uraia mwaka 1994, na wengine wakakaa gerezani miaka mingi bila kesi kwa kukataa jeshi. Mtu anaweza kutokubaliana na mafundisho yao mengine, lakini hawezi kusema wanacheza na mstari huo. Waislamu nao wana tumaini linalokaribiana sana na hili. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinamtaja Isa mwana wa Mariamu akiteremka kuwa hakimu mwadilifu. Maelezo yake mengine hayalingani na imani ya Kikristo, ila hapo kwenye hakimu pananigusa, kwa sababu huko pia hukumu ya haki inatangulia amani.

Mimi nasimama na wanaosema unabii umeanza na haujakamilika. Lakini msimamo huo una hatari yake. Ni rahisi kuufanya kisingizio, ukaita kila mkusanyiko mwanzo wa utimizo na kila dhuluma sehemu isiyokamilika. Ndiyo maana ninautaka upimwe mahali, kwa majina na tarehe.

Tuanze na Mesaimeer. Kiwanja kilitolewa na Amiri wa wakati huo, Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilizinduliwa Machi 2008, la kwanza kujengwa Qatar katika zama hizi. Kabla yake watu walisali majumbani na katika kumbi za kuazima. Kanisa la Anglikana la Epifania lilifunguliwa 2013. Wamo pia Wakopti, Waorthodoksi wa Kigiriki na wa Kisiria, Wamaroni, Wahindi wa madhehebu kadhaa na muungano wa makanisa ya kiinjili. Nje hakuna msalaba wala kengele. Getini mikoba inakaguliwa. Ndani, siku ya Ijumaa ambayo ndiyo ya mapumziko, ibada hufuatana tangu asubuhi kwa Kiingereza, Kiarabu, Kitagalogi, Kimalayalamu, Kitamil na lugha nyinginezo. Kumbi za kituo cha Waanglikana hutumiwa kwa zamu na makumi ya vikundi, vya Waafrika vikiwamo, na kikundi kimoja kikiwa kwenye sala ya kufunga, kinachofuata kimekwisha kusimama mlangoni na kinanda chake.

Jambo hili ni kubwa na sitaki kulipunguza. Ufunuo 7 unaonyesha umati mbele za Mungu ambao bado unatambulika kwa kabila na lugha. Isaya 19 inathubutu zaidi: Misri na Ashuru, adui wawili wa Israeli, wanaabudu pamoja, na Mungu anawaita wote watatu kwa upendo, kila mmoja kwa jina lake. Hakuna anayetakiwa kuwa mwingine. Mesaimeer lugha hazikuachwa getini, na aliyetoa kiwanja ni mtawala Mwislamu, katika nchi ambayo wageni ni karibu tisa kati ya kila watu kumi. Tarehe 20 Novemba 2022, Kombe la Dunia lilipofunguliwa katika uwanja wa Al Bayt, kijana Ghanim Al-Muftah, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili, alimsomea mwigizaji Morgan Freeman aya ya 13 ya Surat al-Hujurat, inayosema watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Ilichaguliwa vizuri. Ni fundisho lile lile: tofauti za mataifa ni mpango wa Mungu, hazikuwekwa ili zifutwe.

Ila uzio una mipaka yake. Ibara ya 50 ya katiba ya Qatar inahakikisha uhuru wa kuabudu kwa mujibu wa sheria, na kwa sheria hiyo madhehebu ya Kikristo yaliyosajiliwa ni manane. Wahindu na Wabudha, ambao ni wengi miongoni mwa vibarua kutoka India, Nepal na Sri Lanka, hawana hekalu la wazi. Mkristo anayeshangilia mataifa kukusanyika Mesaimeer inampasa amtazame pia Mnepali anayelala kitanda cha chini yake.

Kuna watu wanaokwenda mbali zaidi na kuitaja Qatar moja kwa moja katika unabii, kwa sababu Isaya 60 inataja kondoo wa Kedari na Nebayothi, wana wa Ishmaeli, wakipokelewa madhabahuni. Hapo napendekeza subira. Kedari ya Isaya ilikuwa makabila ya wafugaji wa kaskazini mwa Arabia, na haifai kunyooshwa mpaka ifike Ghuba. Tuna ushahidi wa kihistoria ulio bora kuliko huo. Kwa karne kadhaa pwani hii, pamoja na sehemu za Saudi Arabia ya mashariki na Bahrain, iliitwa Beth Qatraye, na ilikuwa na maaskofu, monasteri na shule za Kanisa la Mashariki. Mwaka 676 sinodi ilikutana Dairin, kwenye kisiwa cha Tarut, ikiongozwa na mkuu wa kanisa hilo, Katoliko Giwargis, wakati eneo hilo lilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu. Ni Giwargis huyo huyo aliyemtawaza Isaka, mtawa mzaliwa wa Beth Qatraye, kuwa askofu wa Ninawi. Isaka alikaa kwenye kiti hicho miezi mitano tu, akakiacha akarudi upwekeni. Maandishi yake ya Kisiria kuhusu rehema yalivuka kila ukuta: kanisa lake lilitengana na Roma na Konstantinopoli, lakini Waorthodoksi humwita mtakatifu, na Novemba 2024 Papa Fransisko alimwingiza katika orodha ya watakatifu wa Roma. Mwana wa pwani hii, askofu wa mji ule ule uliokuwa na picha za Lakishi ukutani, anasomwa leo na Wakristo ambao bado hawajaweza kushiriki meza moja. Kwangu huo ni mwanzo halisi wa Isaya 19, na ulikuja bila mkutano wa kimataifa.

Isaya 60 ina neno jingine ambalo wahubiri hulikwepa. Inasema wageni watazijenga kuta za mji. Doha ndivyo ilivyojengwa: barabara, metro, viwanja saba vipya vya Kombe la Dunia. Wengi wa waliojenga walilala Sanaiya, eneo la viwanda, watu kadhaa chumba kimoja, kwenye vitanda vya dabodeka. Wakenya na Waganda walikuja zaidi kwa ulinzi, usafi, hoteli, udereva na kazi za nyumbani, wengine wakiwa wameuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumlipa wakala. Soma basi Isaya 65, sura tano tu mbele: katika nchi mpya anayejenga nyumba ndiye atakayekaa ndani yake, wala hatapanda mwingine akala mwingine. Kitabu chenyewe kinajirekebisha. Mgeni aliyejenga ukuta hatakiwi kubaki nje ya ahadi.

Mabadiliko yamekuwapo, na ni haki kuyasema. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri kabla ya kuhama kazi, na Machi 2021 mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi ulianza kutumika kwa wote, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa. Shirika la Kazi Duniani, lililofungua ofisi Doha, lilihesabu vifo 50 vya kazini kwa mwaka 2020 peke yake, na likasema wazi kwamba kumbukumbu zina mapengo. Sheria ya 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki. Wapo wanaoipata. Wapo ambao pasipoti yao imo kwenye droo ya mwenye nyumba na Ijumaa yao ni siku ya wageni wengi zaidi jikoni. Hao hawaonekani Mesaimeer. Anayewahesabu waliomiminika lazima awahesabu na hao.

Na sasa Kongo, ambako mpangilio wa Isaya unaonekana kwa uchungu zaidi. M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 18 Machi marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikutana Doha mbele ya Amiri Tamim. Tarehe 19 Julai serikali ya Kongo na M23 walitia saini tamko la kanuni, na tarehe 15 Novemba mkataba wa msingi wenye itifaki nane. Mwezi uliofuata wapiganaji wa M23 wakaingia Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Wakulima wa bonde la Ruzizi waliondoka mashamba yakiwa na mazao. Mzabibu wa Mika kwao ni mgomba na muhogo, na wa kuwatia hofu alikuwapo.

Nini kilikosekana? Itifaki mbili zilikuwa zimekubaliwa kabla ya saini ya Novemba, ya kubadilishana wafungwa na ya kusimamia usitishaji wa mapigano. Miongoni mwa zilizoachwa kujadiliwa baadaye ni ya kurudi kwa wakimbizi na ya haki, ukweli na maridhiano. Huu ndio mpangilio wa kawaida wa wapatanishi duniani kote, na wana sababu zao: ukianza na haki, wenye bunduki huondoka mezani. Lakini ni kinyume kabisa cha Isaya. Mashariki ya Kongo imejaribu kuanza na silaha kwa miaka 30. Wapiganaji wanaingizwa jeshini, makamanda wanapewa vyeo, kesi hazisikilizwi, na baada ya miaka michache kundi jipya linaibuka na malalamiko yale yale. Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Hadi leo hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa kuyashughulikia. Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mshindi wa Nobeli ya Amani ya 2018, ameidai mahakama hiyo mwaka baada ya mwaka.

Pia kuna swali la mwamuzi. Katika unabii anayeamua hana anachotafuta kwa wagombanao. Qatar ina mengi. Shirika lake la ndege lilikubaliana 2019 kuchukua asilimia 60 ya uwanja mpya wa ndege wa Bugesera nchini Rwanda, na inataka kuwekeza Kongo pia. Ina kambi ya kijeshi ya Al Udeid, kubwa kuliko kambi zote za Marekani katika Mashariki ya Kati, ambayo Iran iliirushia makombora tarehe 23 Juni 2025. Na tarehe 9 Septemba ndege za Israeli zilishambulia Doha yenyewe, zikiwalenga wajumbe wa Hamas waliokuwa kwenye mazungumzo. Silisemi hili kuidharau kazi yake. Nchi ndogo inayofungua mlango wake kwa maadui, na kupigwa kwa sababu hiyo, inastahili shukrani. Ila mpatanishi anaweza kuwaleta watu mezani bila kuwa hakimu, na tusimpe kazi ambayo unabii unampa Mungu.

Kazi ya hukumu ya haki hapa chini imewaangukia kwa sehemu watu wa kanisa. Januari 2025 maaskofu Wakatoliki wa Kongo na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti walipendekeza pamoja mapatano ya kijamii ya amani na kuishi pamoja. Februari walikwenda Goma kuzungumza na viongozi wa waasi, kisha Kigali kumwona Rais Kagame. Kinshasa walilaumiwa na baadhi ya wanasiasa kwa kuwapa waasi heshima. Mimi naona walifanya jambo la kinabii, na pia naona hawakulimaliza. Kuzungumza na kila upande ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutaja waliouawa kwa majina na kuwadai wauaji wajibu, wawe wa M23, wa jeshi la serikali, au wa makundi yenye silaha ya Wazalendo na FDLR, hata kama miongoni mwao wamo waumini wanaokaa viti vya mbele kanisani.

Itifaki ya haki, ukweli na maridhiano ndiyo ambayo wanadiplomasia wana sababu ndogo zaidi ya kuiharakisha. Makanisa yana sababu kubwa. Yana parokia katika vijiji vilivyochomwa, yana vitabu vya ubatizo vyenye majina ya waliokufa, yana mapadri, wachungaji na masista waliosikia ushuhuda kabla mchunguzi yeyote hajafika. Na Ijumaa yana watu wake Mesaimeer pia, kilomita chache kutoka mezani. Vitabu hivyo vinaweza kupelekwa Doha.